Shajara ya mradi: kurasa za maelezo kutoka kwenye skripti za ghala la dagaa, Kibirizi

Jumatatu, mwezi umejaa

Ghala la kikundi hapa Kibirizi, Kigoma, linaendeshwa na skripti, yaani programu fupi, za lugha ya Python. Moja inasoma mizani na kuandika kumbukumbu ya mzigo. Nyingine inagawa malipo ya wenye mitumbwi baada ya kukata mkopo wa mafuta na betri za taa. Ipo inayotuma bei kwenye simu za wavuvi, na ipo inayopanga kalenda ya giza na mbalamwezi. Zote zinafanya kazi yake. Ila anayejua kwa nini hesabu fulani imeandikwa vile ni mimi na mwenzangu aliyehamia Dodoma, ambaye siku hizi simu anapokea usiku tu.

Maelezo yapo, tena tele. Yamo ndani ya faili, yameandikwa kama maoni, yaani maelezo ambayo mashine inayaruka, juu ya mistari ya msimbo, na kila aliyepita hapo ameongeza lake. Mama mweka hazina ndiye anayeulizwa na wanachama "mbona nimekatwa hivi?", lakini yeye hafungui faili za .py wala hana sababu ya kuzifungua. Nataka programu ndogo ipite kwenye msimbo, ivune maoni yanayomhusu, itoe ukurasa mmoja wa HTML unaofunguka kwenye simu hata bila bando.

Nimeanza wiki hii kwa makusudi. Mwezi ukijaa, taa hazina nguvu ya kuwavuta dagaa, mitumbwi mingi inapumzika, chanja za kuanikia ziko nusu tupu na dirishani kwangu hakuna foleni.

Kabla ya kuandika chochote nimepima zana zilizopo. Sphinx ya Georg Brandl ilitoka mwaka 2008 na ndiyo inayotengeneza nyaraka rasmi za Python. Ina kiendelezi kiitwacho autodoc kinachochota ufafanuzi wa kila funksheni, yaani kipande cha msimbo chenye jina na kazi yake. pydoc inakuja na Python yenyewe: `python -m pydoc -w malipo` na ukurasa uko tayari. Zote mbili ni nzuri. Kinachonizuia ni namna zinavyosoma. Zinapakia moduli (faili la Python) kwanza, yaani zinaiendesha, ndipo zinaiuliza ina nini ndani. Skripti yetu ya ujumbe haina kinga ya kuzuia faili kujiendesha linapopakiwa, yaani `if __name__ == "__main__":`, na mistari yake ya chini inafungua modemu na kutuma bei kwa orodha nzima. Iombe pydoc maelezo ya faili hiyo saa nane za usiku uone simu zitakazoita pale mwaloni. Sphinx inaruhusu kuweka moduli za bandia badala ya zile zinazogusa vifaa, lakini hapo utakuwa unaziba tundu mojamoja. Bora chombo kinachousoma msimbo kama maandishi, kisichowasha kitu.

Jumanne

Moduli ya `ast` inafanya hivyo hasa. Unaipa maandishi ya faili, inakurudishia mti wa sintaksia: funksheni hii hapa, vigezo vyake hivi, thamani hii imewekwa kwenye jina lile. Hakuna mstari hata mmoja unaoendeshwa. Kwa ufafanuzi wa nukuu tatu, ule unaokaa mstari wa kwanza ndani ya funksheni kwa utaratibu wa PEP 257, mwongozo wa Python wa mwaka 2001, kuna `ast.get_docstring`, ambayo pia inanyoosha nafasi za pembeni. Vigezo navipata kwa `ast.unparse`, iliyoongezwa kwenye Python 3.9. Hadi mchana nilikuwa na ukurasa unaoorodhesha kila funksheni na ufafanuzi wake.

Ukurasa wenyewe mtupu. Maelezo yenye uzito hayako kwenye nukuu tatu. Yako kwenye maoni ya alama ya `#`, na hayo mti hauna habari nayo. Kichanganuzi cha Python kinayatupa mapema kabisa kabla mti haujajengwa, kwa sababu kwa mashine hayana maana yoyote. Nukuu tatu zinabaki kwa vile ni thamani halali ya lugha, ni tungo tu, yaani maandishi ndani ya nukuu, iliyokaa mahali maalumu. Kwa hiyo ukitaka maoni inabidi upite mlango mwingine, `tokenize`, inayolikata faili tokeni kwa tokeni, yaani neno kwa neno na alama kwa alama, na kukupa kila oni pamoja na namba ya mstari wake.

Kwa hiyo faili linasomwa mara mbili. `ast` inasema nini kiko mstari gani. `tokenize` inasema oni gani liko mstari gani. Halafu unaviunganisha kwa namba. Oni lililo juu ya kitu, bila mstari mtupu katikati, ni la kitu hicho.

Jumatano

Kuna atakayeuliza kwa nini nisitafute alama ya `#` tu kwa usemi wa ruwaza (regex, fomula ya kutafuta maandishi), mistari mitano na kazi imekwisha. Jibu liko kwenye skripti ya ujumbe:

    UJUMBE = "Kulipa mkopo piga *150*00#: kisha fuata maelekezo"

Nchi hii kila kitu ni nyota na reli. Ruwaza itachukua kila kilicho kulia kwa reli iseme ni oni, na mama mweka hazina atasoma kwamba maelezo ya UJUMBE ni "kisha fuata maelekezo". `tokenize` inajua reli hiyo iko ndani ya tungo, inaiacha ilipo.

Kitu kingine cha kuangaliwa ni mistari ya @ (ya kuiongezea funksheni tabia) inayokaa juu ya funksheni. Tangu Python 3.8, namba ya mstari ya funksheni ni ya mstari wenye `def`, siyo wa @. Maoni ya watu yako juu ya @. Ukihesabu kutoka kwenye `def` kwenda juu unakutana na @ na unadhani hakuna oni. Tiba ni fupi:

    def mstari_wa_juu(nodi):
        mistari = [d.lineno for d in nodi.decorator_list]
        return min(mistari + [nodi.lineno])

Sasa mavuno yanakuja kamili. Mengi mno, kusema kweli.

Ijumaa

Nimeyasoma maoni yote yaliyovunwa, na ukurasa huu hauwezi kwenda kwa mtu ulivyo. Zaidi ya nusu ni ya fundi kwa fundi: "usiguse hii kabla ya kubadili mizani", "hapa inazunguka mara mbili, sijui kwa nini, acha". Hayo hayana ubaya, ni takataka tu kwa msomaji mwingine. Yaliyonishtua ni mengine. Kwenye skripti ya mikopo kuna mistari inayotaja wavuvi kwa majina na madeni yao ya misimu iliyopita, na mmoja umeandikwa "huyu asikopeshwe tena, mke wake anajua". Sitaki kitu hicho kwenye simu ya mtu yeyote, sembuse kwenye kundi la WhatsApp la wanachama.

Hapa ndipo naona watu wengi wanaosifia uzalishaji wa nyaraka kutoka kwenye msimbo wanapita haraka. Oni huandikwa na mtu anayeamini kwamba hakuna atakayelisoma isipokuwa fundi mwenzake. Kulichapisha ni kubadilisha msomaji baada ya mwandishi kumaliza kuandika. Lazima mwandishi aseme mwenyewe lipi ni la nje.

Sphinx ina desturi ya `#:` kwa maoni yanayoeleza thamani, nami nimeiazima, ila kwangu inafanya kazi kila mahali. Oni lenye `#:` linatoka. Lenye `#` peke yake linabaki ndani. Hakuna chaguo la kutoa yote, hata kwa majaribio, maana chaguo likiwepo kuna siku mtu atalibonyeza.

    for t in tokenize.generate_tokens(f.readline):
        if t.type == tokenize.COMMENT and t.string.startswith("#:"):
            maoni[t.start[0]] = t.string[2:].strip()

Yale ya majina ya watu nimeyaondoa kabisa kwenye faili. Deni la mtu linakaa kwenye daftari la mikopo, siyo kwenye msimbo.

Jumamosi

Nimempelekea mama mweka hazina toleo la kwanza kwenye simu yake. Alikuwa ghalani akihesabu magunia ya mzigo wa kwenda na treni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Lete nione hicho kitabu chako."

Alishusha miwani, akasoma sehemu ya malipo bila kuuliza chochote. Halafu akasimama kwenye mistari hii miwili:

    Makato ya kikundi, asilimia 5 kwa kila mauzo.
    MAKATO = 0.03

"Hapa juu tano, hapa chini tatu. Wanachama wanakatwa ngapi?"

Wanakatwa tatu. Kikao kilipunguza, mtu akabadilisha namba akaacha maneno. Oni limekaa pale likisema tano, na kila aliyefungua faili amepita juu yake. Limeonekana leo kwa sababu niliamua ukurasa uonyeshe thamani yenyewe chini ya maelezo yake, kama ilivyoandikwa kwenye msimbo. Ningeweka maneno peke yake, mama angeondoka na tano kichwani na kuwajibu wanachama tano.

Nimebadilisha utaratibu kutokana na hilo: oni halirudii namba. Oni linasema makato ni ya nini, yalipitishwa na nani, yanakatwa kabla au baada ya mkopo. Namba inatoka kwenye msimbo, mahali pamoja. Programu sasa inakataa oni la `#:` lenye tarakimu likiwa juu ya thamani ya namba. Inasimama na kutaja mstari. Ni ukali, najua. Kuna siku mtu atakuwa na sababu nzuri ya kuandika tarakimu pale, na atanilaani.

Mama amependa orodha ya siku za kufungwa kwa ziwa. Mwaka 2024 uvuvi upande wetu wa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, na skripti ya mikopo inasimamisha marejesho kwa kipindi hicho. Ila kwenye ukurasa ilitokea hivi: `[(date(2024, 5, 15), date(2024, 8, 15))]`. `ast.literal_eval` inasoma namba, tungo na orodha, lakini ikikuta mwito wa `date` inagoma, kwa hiyo nilikuwa nimebandika msimbo mbichi. "Mwaka mbele, siku nyuma, mabano kila mahali. Niandikie tarehe." Nimeandika tawi dogo linalotambua `date` lenye namba tatu na kulitoa kwa mpangilio wa kalenda ya ukutani.

Wiki ya pili, mwezi unapungua

Kazi ya leo ni kalenda ya giza. Hii ndiyo skripti inayoulizwa kuliko zote, maana mwenye mtumbwi anapanga mafuta na vibarua kwa kuiangalia, na ndiyo yenye maelezo ya ovyo kuliko zote.

Hesabu yake ni ya wastani. Inaanzia mwezi mwandamo wa Januari 6, 2000, uliotimia saa 3:14 usiku kwa saa zetu, inahesabu siku zilizopita, inagawanya kwa 29.530588853 na kuchukua baki. Baki ndilo umri wa mwezi. Inaweza kupishana na mwezi halisi kwa saa kadhaa, kwa kuwa mwendo wa mwezi hauko sawa mwezi wote, na kwa kazi ya kuvua hilo halina neno.

Oni la zamani lilisema: "giza ni umri chini ya siku 8". Msimbo unasema `umri < 8 or umri > 21.5`. Msimbo uko sahihi. Oni limesahau upande wa pili, zile siku ambazo mwezi unachelewa kuchomoza na wavuvi wanapata giza la mwanzo wa usiku. Mtu akisoma maneno tu atapoteza nusu ya giza. Na hapa ukaguzi wangu wa tarakimu hausaidii, hii ni funksheni, siyo thamani.

Kinachosaidia ni `doctest`, iliyomo ndani ya Python tangu 2.1 ya mwaka 2001. Unaandika mfano kwenye ufafanuzi wa nukuu tatu jinsi ungeuona kwenye skrini, nayo inauendesha na kulinganisha jibu herufi kwa herufi. Nilihitaji tarehe ambazo mtu yeyote anaweza kuzikubali bila kuniamini mimi. Kupatwa kwa jua hutokea mwezi mwandamo tu, na kupatwa kwa mwezi hutokea mwezi mpevu tu. Septemba 1, 2016 watu walijaa Rujewa kule Mbeya kutazama jua likiwa pete. Julai 27, 2018 mwezi uligeuka mwekundu usiku, na hapa Kigoma pia tuliuona.

    >>> umri_wa_mwezi(date(2016, 9, 1))
    29.2
    >>> umri_wa_mwezi(date(2018, 7, 27))
    14.5
    >>> ni_giza(date(2016, 9, 1))
    True

Tazama mstari wa kwanza. Siku ya mwezi mwandamo, na umri ni 29.2, siyo 0. Hiyo ndiyo hesabu ya wastani ikichelewa kidogo nyuma ya mwezi wa kweli. Mtu aliyeshika lile oni la "chini ya siku 8" angesema usiku ule haukuwa giza, wakati hakuna giza kuu kuliko la siku ya kupatwa kwa jua. Mfano mmoja umelieleza hilo vizuri kuliko aya niliyokuwa naandika, na aya nimeifuta.

Mifano hii inaonekana kwenye ukurasa kama ilivyo. Kwa kuwa kuiendesha kunahitaji kupakia moduli, `doctest` naiita kwa moduli za hesabu tu: malipo, mikopo, kalenda. Zinazogusa modemu na mizani hazimo, na ukurasa unasema wazi kwamba mifano ya hizo haijahakikiwa.

Giza limeanza

Kazi inaenda kwa vipande, mizani haipumziki alfajiri.

Faili moja limegoma kusomeka. Aliyeandika skripti ya usafirishaji alikuwa amezoea Kifaransa, ametoka ng'ambo ya ziwa, na maoni yake yana herufi za é na à zilizohifadhiwa kwa Latin-1, mfumo wa zamani wa kuhifadhi herufi. Mstari wa kwanza wa faili unatamka hivyo, kwa hiyo Python yenyewe haina shida nalo. Kumbe tiba iko kwenye moduli ileile: `tokenize.open` inaangalia tamko la mstari wa kwanza au wa pili kabla ya kufungua, na isipolikuta inachukua UTF-8, mfumo wa kawaida wa leo. Maoni yenyewe nimeyaacha Kifaransa. Ni ya ndani, hayatoki.

Ukaguzi wa vigezo pia umeingia. Kila jina la kigezo kwenye `def` lazima litokee kwenye ufafanuzi chini ya neno "Vigezo", na kila lililotajwa pale lazima liwepo kwenye `def`. Umekamata funksheni ya kugawa malipo, ambayo ufafanuzi wake bado unaeleza `bei_ya_kisado` wakati siku hizi tunapima kwa kilo.

Tarehe ya kutengenezwa sikuiweka kwenye ukurasa. Ukiiweka, kila ukiendesha programu faili linabadilika, na Git, inayotunza historia ya faili, inakuonyesha mabadiliko ambayo si mabadiliko. Kwa sababu hiyohiyo majina yote yanapangwa kwa alfabeti, na mtindo wa rangi umo ndani ya faili hilohilo. Hakuna fonti inayovutwa kutoka nje. Faili moja, linatumwa kwa Bluetooth, limekwisha.

Nimechapisha nakala pale stesheneri, karatasi za A4, zimebandikwa pembeni ya mizani. Mzee mmoja wa mwaloni amesoma sehemu ya makato kwa sauti mpaka mwisho, kisha akauliza kwa nini betri ya taa inakatwa kabla ya makato ya kikundi na siyo baada. Swali zuri, na halinihusu. Nimemwelekeza kwa mama mweka hazina.

Alhamisi

Imebaki skripti ya risiti, na hiyo ni ya lugha ya Perl, ya zamani kuliko ghala lenyewe. Nilidhani itanila siku. Kumbe aliyeiandika alikuwa mtu wa utaratibu: maelezo yote yamo kwa POD, mfumo uliokuja na Perl 5 mwaka 1994. Perl ikikutana na `=head1` inaruka kila kitu hadi `=cut`, na katikati hapo unaandika unavyotaka. Amri ni moja:

    pod2html --infile=risiti.pl --outfile=risiti.html

Maelezo safi, Kiswahili cha kueleweka, hata namna ya kuweka karatasi kwenye printa ameeleza. Hayahakikiwi na mashine kama ya Python, na sina mpango wa kuandika kichanganuzi cha Perl. Hakuna anayekitaka, nami nikiwa wa kwanza. Nimeunganisha ukurasa huo na ule mkubwa, na juu yake kuna mstari mmoja unaosema haya yameandikwa kwa mkono, yaulizwe kabla ya kuaminiwa.

Programu ya ukaguzi bado inataja funksheni za mizani zisizo na ufafanuzi wowote. Hizo ataziandika kijana anayeshinda pale mizani, yeye ndiye anayejua kwa nini inasoma gramu chache zaidi asubuhi. Nimemwonyesha `#:` na `#`, na nimemwambia majina ya watu hayaingii humo.